Toeni Mafaili, Acheni Kutuletea Maprofesa

Dola 600 kwa saa. Hayo ndiyo malipo ambayo Profesa Elizabeth Loftus alikiri kuyapokea mahakamani New York, Desemba 2021, alipoitwa na mawakili wa Ghislaine Maxwell aje aeleze jinsi kumbukumbu ya binadamu inavyoweza kuchafuka. Kabla yake, wanawake wanne walikuwa wameapa mahali pale pale, wakasimulia waliyotendewa na Jeffrey Epstein walipokuwa wasichana na mchango wa Maxwell katika kuwafikisha mikononi mwake. Profesa akaja kuliambia jopo la raia 12 kwamba mtu anaweza kukumbuka jambo kwa uhakika, kwa undani, hata kwa machozi, na jambo lenyewe likawa halikutokea.

Alichosema ni kweli, na ndiyo maana kinaniudhi. Kweli ya jumla, inayomhusu kila mwenye kichwa, iliingizwa mahakamani ifanye kazi ya kuwatia doa watu ambao profesa hakuwahi kuwahoji.

Maxwell alitiwa hatiani kwa makosa 5 kati ya 6. Ukitaka kujua kilichomwangusha, tazama vielelezo. Kulikuwa na daftari za safari za ndege za rubani wa Epstein, zenye majina na tarehe. Kulikuwa na taarifa za benki za mamilioni ya dola yaliyotoka kwa Epstein kwenda kwake. Kulikuwa na meza ya kukandia mwili iliyochukuliwa na polisi katika nyumba ya Palm Beach, ikabebwa hadi mbele ya wanajopo waione kwa macho yao. Meza haidodoswi na wakili ikababaika. Daftari la rubani halina haja ya kutetewa na mtu mwenye shahada tatu.

Nasema bila kupepesa macho: mtaalamu yeyote anayepanda kizimbani kutuambia kwamba kumbukumbu ya fulani ni ya kweli, au ni ya kubuni, anauza bidhaa asiyokuwa nayo. Sijali amekodiwa na nani. Hakuna kipimo cha damu, hakuna picha ya ubongo, hakuna dodoso wala mizani ya machozi inayoweza kuichukua kumbukumbu moja ya mtu mmoja na kusema hii ilitokea, hii ilipandikizwa. Mvuvi anajua kwamba samaki akikaa juani huoza, lakini ujuzi huo haumwambii kama huyu uliyemshika wewe ameoza. Inabidi amnuse huyu huyu. Kwa miaka zaidi ya 30 mahakama za Marekani zimekuwa zikisikiliza mihadhara juu ya jua, huku samaki akiachwa mezani.

Nianze na wale waliojiita watetezi wa waathirika, kwa sababu madhara yao yamesahauliwa upesi mno. Mwaka 1990, Redwood City, California, mzimamoto wa zamani aitwaye George Franklin alitiwa hatiani kwa kumuua mtoto wa miaka 8 mwaka 1969. Ushahidi uliombana ulikuwa mmoja: binti yake mwenyewe, aliyekuwa rafiki wa marehemu, alisema kwamba picha ya mauaji ilimrudia ghafla miaka 20 baadaye, alipokuwa akimtazama mtoto wake usoni. Daktari wa magonjwa ya akili, Lenore Terr, akaja kuwaeleza wanajopo jinsi akili ya mtoto inavyoweza kuzika jambo la kutisha na kulitunza likiwa zima. Loftus alikuwapo pia, upande wa utetezi. Pete, jiwe, godoro lililofunika maiti, mambo yote ambayo binti aliyataja na yaliyowashangaza watu kwa usahihi wake, yalikuwa yamekwisha kuchapishwa magazetini tangu 1969. Jaji aliukataza utetezi kuwaonyesha wanajopo magazeti hayo.

Rudia kuisoma sentensi hiyo ya mwisho. Muhadhara wa kitaalamu juu ya mtoto wa kinadharia uliruhusiwa. Karatasi za magazeti zenye tarehe zilikataliwa.

Mwaka 1995 jaji wa mahakama ya shirikisho aliibatilisha hukumu ile. Mwaka uliofuata waendesha mashtaka wakaacha kesi, Franklin akatoka baada ya zaidi ya miaka 6 kifungoni. Ilikuja kubainika kwamba binti alikuwa amepitia usingizi wa kupumbazwa akiwa kwenye tiba, na kwamba alimtuhumu baba yake kwa mauaji mengine ambayo vipimo vya vinasaba vilionyesha hakuyafanya. Na yule mtoto wa miaka 8? Hakuna anayetumikia kifungo kwa ajili yake. Upelelezi wenye heshima ungeendelea kutafuta muuaji; badala yake watu walitosheka na saikolojia.

Katika jimbo hilo hilo, msichana wa chuo aliyekuwa anaugua ugonjwa wa kula na kujitapisha alikwenda kutafuta tiba. Akaambiwa kwamba wengi wenye ugonjwa kama wake walidhalilishwa utotoni. Akadungwa dawa ya usingizi iitwayo sodiamu amitali, akaaminishwa kwamba mtu akiwa amelewa dawa hiyo hawezi kusema uongo. Akatoka humo akiamini kwamba baba yake alimbaka kwa miaka. Dawa hiyo haina uwezo wowote wa kumlazimisha mtu aseme kweli. Humlegeza tu, akawa mwepesi wa kupokea anachopewa. Baba huyo, Gary Ramona, mkubwa katika kampuni ya mvinyo, akapoteza kazi na mke na mabinti. Mwaka 1994 jopo la mahakama liliwaona watoa tiba wamefanya uzembe na kumpa Ramona dola 500,000. Kesi hiyo huchukuliwa na mawakili wa utetezi kama ushindi wao. Mimi naona mtoto mgonjwa aliyekwenda hospitali akitafuta nafuu, akarudishwa nyumbani na msiba. Yeye ndiye mgonjwa wa kwanza katika kadhia hiyo, na nani alimlipa?

Sasa upande wa pili, ambao unanitia hasira zaidi kwa sababu una fedha zaidi.

Mwaka 1992 ilianzishwa Philadelphia taasisi ya wazazi waliokuwa wakituhumiwa na watoto wao, ikajiundia jina la ugonjwa: sindromu ya kumbukumbu za uongo. Ugonjwa huo haumo katika mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani. Haukuwahi kuingizwa. Lakini jina lilisikika kama la hospitali, na kwa miaka 27, hadi taasisi ilipofunga milango mwishoni mwa 2019, likatumika magazetini na mahakamani kana kwamba ni homa yenye kipimo. Hebu fikiria mwanamke wa miaka 35 anayejikaza kutamka kwa mara ya kwanza jina la padri, mjomba au kocha, halafu anaambiwa anaumwa maradhi ambayo yamebuniwa na watu wanaotuhumiwa.

Na ule utafiti uliotajwa kila mahali? Mwaka 1995 Loftus na mwenzake Jacqueline Pickrell walichukua watu 24, wakamweleza kila mmoja visa vya utotoni vilivyotoka kwa ndugu zake, kimoja kikiwa cha kubuni: kwamba alipotea dukani akiwa na umri wa miaka 5 hivi. Watu 6 walikikumbuka, chote au kwa sehemu. Ni kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini kupotea sokoni ni jambo ambalo kila mtoto ameliogopa na karibu kila mtoto ameliona likimpata mwenzake. Kathy Pezdek alipojaribu miaka miwili baadaye kupandikiza kisa cha mtoto kutiwa dawa ya kuharisha kwa njia ya haja kubwa, hakuna hata mtu mmoja katika kundi lake aliyekikumbuka. Umbali kati ya duka na mwili wa mtoto ni mkubwa, na mawakili wameuruka maelfu ya mara kama vile haupo.

Wa upande mwingine nao wana utafiti wao mpendwa. Linda Meyer Williams alichukua mafaili ya hospitali ya miaka ya mwanzo ya 1970, ya wasichana waliofikishwa hapo baada ya kudhalilishwa, akawatafuta wanawake 129 miaka 17 baadaye. Asilimia 38 hawakulitaja tukio lile. Matokeo hayo huinuliwa mahakamani kama uthibitisho kwamba akili huzika. Yanaweza kuwa hivyo. Inawezekana pia kwamba mwanamke hakutaka kumfungulia moyo mgeni aliyebisha hodi na karatasi za maswali, au alikuwa mdogo mno siku ile asiweze kukumbuka chochote. Kilicho imara katika kazi ya Williams ni kile ambacho hakuna anayekizungumzia: faili la hospitali. Tunajua wale wanawake walidhalilishwa, hata wale waliokaa kimya, kwa sababu kuna muuguzi aliyeandika siku ile ile.

Hapo ndipo nilipo. Andiko. Simu. Shahidi wa pili. Jalada.

Tazama alichokifanya mpelelezi mmoja wa kampuni za bima, mzaliwa wa Massachusetts. Mwaka 1989, akiwa mtu mzima mwenye familia, kumbukumbu ya padri James Porter ilimrudia nyumbani kwake. Hakukimbilia kwa profesa amthibitishie kwamba akili yake ni nzima. Alimtafuta Porter, aliyekuwa ameshaacha upadri na kuoa huko Minnesota, akampigia simu, akamrekodi. Porter akakiri. Kisha mpelelezi yule akatia tangazo gazetini kuuliza nani mwingine anamkumbuka padri huyo, na watu wakaanza kujitokeza, mmoja baada ya mwingine, wengi wao wakiwa hawajasahau kitu hata siku moja. Desemba 1993 Porter alikiri makosa 41 na kufungwa miaka 18 hadi 20. Naye Ross Cheit, profesa wa Chuo Kikuu cha Brown, alipokumbuka mwaka 1992 alivyodhalilishwa katika kambi ya kwaya ya wavulana ya San Francisco, alifuata njia hiyo hiyo: alitafuta mashahidi, akampigia aliyemdhulumu, mtu yule akakiri huku kinasa sauti kinafanya kazi.

Watu hawa wawili wanatosha kumfunga mdomo yeyote anayesema kwamba kumbukumbu iliyochelewa ni uongo daima. Franklin na Ramona wanatosha kumfunga mdomo anayesema ni kweli daima. Kwa hiyo tuulize swali ambalo wakubwa hawalitaki: kama ushahidi wa nje ndio unaoamua, kwa nini kesi hizi zinageuzwa kuwa mashindano ya maprofesa?

Jibu ni ukomo wa muda, na aliyeuweka ni mtunga sheria.

Katika majimbo mengi ya Marekani mtu aliyedhalilishwa utotoni alikuwa na miaka michache tu baada ya kuwa mtu mzima kufungua madai. Ikipita, mlango umefungwa, hata kama mdhalimu amekiri. Ukabaki upenyo mmoja: muda unaweza kuanza kuhesabiwa siku mdai alipogundua madhara. Mwishoni mwa miaka ya 1980 jimbo la Washington liliandika jambo hilo katika sheria, na mengine yakafuata. Sasa jiweke mahali pa wakili. Mbele yako yupo mwanamume wa miaka 40 ambaye alikuwa anajua siku zote kilichompata, ila alinyamaza kwa aibu na hofu. Huyo huna la kumfanyia. Akija mwingine akisema alisahau kabisa, akakumbuka mwaka jana, huyo ana kesi. Sheria ikawaadhibu wenye kumbukumbu na kuwapokea waliosahau! Ikamlazimisha mtu asimame mbele ya aliyemharibu na kuiegemeza haki yake yote kwenye nadharia ya ubongo ambayo wanasayansi wenyewe wanapigana juu yake.

Richard McNally wa Harvard amekuwa akieleza tangu kitabu chake cha 2003 kwamba wengi wanaorudiwa na kumbukumbu hawakuizika kwa sababu ya mshtuko. Walikuwa watoto, hawakuelewa wanachofanyiwa, wakaacha kukifikiria kwa miaka kama wanavyoacha mambo mengine, hadi siku walipokitazama kwa macho ya mtu mzima na kutetemeka. Maelezo hayo yana akili. Lakini wakili hawezi kuyatumia, kwani sheria haikumwachia nafasi ya binadamu wa kawaida. Ilitaka mgonjwa.

Minnesota ilitupa jaribio kamili. Mwanamume mmoja alilishtaki Jimbo Kuu Katoliki la Saint Paul na Minneapolis kwa aliyotendewa na padri miaka ya mwanzo ya 1980, akisema kumbukumbu ilimrudia mwaka 2002. Julai 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema nadharia ya kumbukumbu zilizozikwa haijafikia kiwango cha kuaminika, ikaukataa ushahidi wa wataalamu wake. Pasipo wataalamu hakuna kuzikwa, pasipo kuzikwa muda umepita, kesi ikafa. Swali la kama padri alimdhalilisha au hakumdhalilisha halikuwa na nafasi.

Mwaka uliofuata bunge la jimbo lilipitisha Sheria ya Watoto Waathirika. Likaondoa kikomo kwa madai ya watoto na kufungua dirisha la miaka 3 kwa waliokwisha kufungiwa. Wakaja mamia, wakiwemo waliokuwa wakikumbuka kila kitu tangu siku ya kwanza na ambao hakuna aliyewahi kuwafungulia mlango. Mafaili ya ndani ya kanisa yakatoka. Januari 2015 jimbo kuu likaomba ulinzi wa mufilisi. Mwaka 2018 likakubali kulipa dola milioni 210 kwa waathirika wapatao 450. Ni jimbo lile lile, kanisa lile lile, na makabati yale yale yaliyokuwepo wakati maprofesa wanabishana.

Makabati hayo ndiyo kiini cha hasira yangu. Boston, mwaka 2005, padri Paul Shanley alifungwa miaka 12 hadi 15 kwa kumbaka mtoto wa parokia yake huko Newton katika miaka ya 1980. Kesi ilianza na walalamikaji 4. Ilipofika mwisho alikuwa amebaki mmoja, ambaye alisema kumbukumbu zilimrudia mwaka 2002 baada ya kusikia habari za gazetini. Loftus akatoa ushahidi upande wa utetezi, mtaalamu mwingine upande wa mashtaka. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Massachusetts ikaithibitisha hukumu, na hadi leo wasomi wanabishana kama ilifanya sawa.

Wabishane. Mimi nataka niwasomee faili. Kanisa lilipolazimishwa na mahakama kutoa nyaraka mwaka 2002, zilitoka mamia ya kurasa juu ya Shanley peke yake. Ndani yake mlikuwa na malalamiko ya mwaka 1967, yaliyoandikwa na padri mwenzake, kwamba alikuwa akiwadhalilisha wavulana. 1967! Mlalamikaji wa Newton alikuwa hajazaliwa. Mlikuwa pia na barua ya Januari 1990, ya askofu msaidizi wa Boston, ikiwahakikishia wenzake wa San Bernardino, California, kwamba Shanley ni padri asiye na tatizo. Watu wenye sahihi, tarehe na muhuri walikaa juu ya habari hizo miaka 35, halafu mtoto aliyeharibiwa ndiye anayeitwa mahakamani kupimwa kumbukumbu yake. Katika kesi ile taasisi iliyojua kila kitu haikuulizwa kwa nini ilijisahaulisha. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe kiliachwa kitokee midomoni mwa watu waliokuwa na miaka 6 wakati yanatendeka.

Sisemi mtaalamu asikanyage kabisa mahakamani. Aje aeleze jinsi upumbazaji, dawa za kulegeza akili na maswali ya kuongoza yanavyoharibu ushahidi, kama mtaalamu wa maabara anavyoeleza jinsi sampuli inavyochafuliwa. Aje awasahihishe wanaodhani kwamba mtoto wa kweli angepiga kelele siku ile ile. Akimaliza hapo, ashuke. Alipwe na mahakama, asilipwe na upande wowote. Uholanzi iliunda tangu 1999 kundi la wataalamu linaloshauri waendesha mashtaka katika malalamiko ya kumbukumbu zilizorudi, kabla mtu hajakamatwa, kwa kusoma jalada lote. Huo ndio wakati wa kumhitaji mtaalamu: upelelezi ungalipo, na simu bado inaweza kupigwa.

Msomaji wa Dodoma au Nairobi asiseme haya ni ya Wamarekani. Tanzania na Kenya zote mbili zimeweka miaka 3 tu kwa madai ya madhara ya aina hii. Aliyetendewa akiwa mtoto huanza kuhesabiwa akitimiza miaka 18, kwa hiyo Tanzania akifika 21 amechelewa. Ishirini na moja, umri ambao wengi bado wanakula kwenye meza ya mdhalimu. Sheria ya ukomo ya Kenya ina kifungu cha 27 kinachomruhusu jaji kuongeza muda kwa mdai wa uzembe ambaye hakujua mambo ya msingi ya kesi yake. Ni upenyo ule ule wa Marekani, unaomfaa anayesema hakujua na kumwacha nje aliyejua akaogopa. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliona mwalimu, Tume ya Walimu na Serikali wote wanawajibika kwa udhalilishaji wa wanafunzi wawili wa shule ya msingi, ingawa mwalimu alikuwa ameachiwa katika kesi ya jinai. Wasichana hao walipita mlango wa Katiba. Siyo kila mtoto atapata mawakili wa kumpitisha huko.

Waheshimiwa wabunge, ondoeni ukomo wa muda kwa madai ya udhalilishaji wa watoto, na muuondoe kwa waliokwisha kuupita pia. Ziwekeni shule, madrasa, makanisa, vituo vya yatima na vilabu vya michezo chini ya wajibu wa kisheria wa kuandika kila lalamiko, kulitunza na kulitoa mahakama inapolidai, na atakayechoma faili afungwe. Muswada wa namna hiyo hauhitaji hata ukurasa mmoja wa saikolojia.